Kayaki ya faiba imepauka na ina mikwaruzo, yarudi kweli ama nipake rangi tu?

Mtoto_wa_Tudor

Salam aleikum, na hamjambo wote. Naomba msaada wenu maana huku kwetu kila mtu ana lake na mimi nshachanganyikiwa. Nna kayaki ya faiba ya mtu mmoja, refu kama mita 5, nilipewa na jamaa alokuwa akihama, yeye aliinunua kwa hoteli moja North Coast wakati wanauza vitu vyao, kwa hivo umri wake siujui lakini si chini ya miaka 15. Imekaa juani juu ya matofali bila hata turubali miaka na miaka. Juu ilikuwa nyekundu, sasa imekuwa rangi ya ufizi, ukiipitisha mkono watoka na unga mwekundu kama mwalimu aliyetoka kufuta ubao. Tumbo lake ni jeupe na limejaa mikwaruzo ya matumbawe na chaza, mingi ni ya juu juu tu lakini mitatu nikipitisha ukucha wakwama, na mmoja karibu na pua naona ndani nyuzi nyuzi za kijivu.

Jirani asema nichukue rangi ya mafuta ile ya madirisha nipake mara mbili nisahau. Shemeji asema nispreyi ile dawa ya kung'arishia dashibodi ya gari, akanionyesha na kweli iling'aa, siku tatu baadaye imerudi vile vile tena ikashika vumbi. Fundi mmoja wa kupiga rangi matatu akanitajia bei nikaona heri ninunue ngalawa.

Sasa swali langu, hii nyekundu yarudi ama ishakufa? Na kama yarudi naanzia wapi, msasa namba ngapi? Mahali ilipo ni kwenye kiwanja cha rafiki Mikindani, stima hakuna.


Chumvi_Kavu

Paka rangi ya mafuta uingie majini bana. Hiyo ni kayaki si bibi harusi.


fundi_faiba

Mtoto wa Tudor usimsikize huyo wa juu yangu, na wewe Chumvi Kavu nakujua humu ndani wapenda njia ya mkato.

Mimi nafanya boti za faiba huku Mtwapa mwaka wa 19 huu kwa hivo wacha nikueleze mpaka uelewe, alafu utaamua mwenyewe. Boti ya faiba ina ngozi. Ile rangi unayoiona si rangi ya kupakwa, ni jelkoti, yaani poliesta iliyochanganywa na rangi ikamwagwa kwenye kalibu kwanza kabla ya nyuzi, ndiyo maana hutaona alama ya brashi. Unene wake ni kama nusu milimita hivi, wengine wabahili wanapunguza. Jua ndilo linaloiua, si chumvi kama watu wanavyodhani. Na sisi hapa Mombasa tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, jua latupiga utosini mwaka mzima, kitu cha kuwekwa nje bila kivuli kina kazi. Huo unga mwekundu ni jelkoti iliyokufa juu, ile ya chini yake mara nyingi iko hai kabisa. Sasa ukipaka rangi ya mafuta juu ya unga rangi itashikana na unga, na unga haujashikana na kitu, baada ya bamvua mbili itakuwa yatoka vipande vipande kama ngozi ya mjusi na hapo utakuwa na kazi mara mbili.

Kabla ya chochote hakikisha kweli ni faiba. Gonga kwa kifundo cha kidole, faiba yalia kama sahani, plastiki yalia bubu na ukiisukuma yabonyea. Chungulia ndani pia, faiba utaona mfumo wa nyuzi. Nimeshaletewa kayaki ya plastiki mtu ataka nimtilie jelkoti, haishiki hata ukiiombea dua.

Alafu fanya jaribio la bure kabisa: mwagia maji. Kama ikiwa imelowa ile nyekundu yarudi yawaka, basi kuna jelkoti ya kutosha na ni uso tu ulioharibika, utaipata. Kama hata ikilowa yabaki ya ufizi na waona mistari ya kitambaa cha faiba kupitia rangi, hapo ngozi imekwisha na tutaongea mambo ya rangi ya kupaka.

Ikiwa yarudi, osha na sabuni ya vyombo na maji baridi ya bomba, si maji ya bahari, suuza ikauke. Kisha futa kwa asetoni, kitambaa kimoja cha kupakia na chengine kikavu cha kuondolea palepale, usiwache ikauke yenyewe maana utakuwa umehamisha uchafu tu. Hii ndiyo itatoa ile dawa ya dashibodi ya shemeji. Na mwambie shemeji ile kitu ina silikoni, ikibaki hata kidogo jelkoti mpya inaikimbia, inafanya vijishimo kama macho ya samaki.

Sasa USIANZE NA MSASA. Chukua sehemu ndogo, kama sentimita 30 kwa 30, mahali pasipoonekana sana, sugua na kompaundi ile nzito ya kusugulia rangi ya magari kwa kitambaa, nguvu ya mkono. Ikirudi, umepona, fanya hivo yote. Isiporudi ndio msasa wa maji waingia. Hapo anza na 1000, usiruke kwenda 400 ati wataka haraka, kila namba ya chini yakula ngozi ambayo hutairudisha. 1000 ikishindwa ndio ushuke 800, alafu upande 1000, 1500, 2000, kisha kompaundi, kisha polishi, kisha waksi.

Vitu vya kuangalia ukipiga msasa. Usiushike kwa vidole vitupu, vidole vyachimba mitaro. Kata kipande cha champali kuukuu, ile ya sponji, uufunge hapo, chafuata mviringo wa boti vizuri kuliko hata vile vibao vya dukani. (Na champali kwenye boti si ajabu, ile Flipflopi, jahazi la Lamu lililoteremshwa majini 2018, imevikwa champali mwili mzima.) Chora mistari ya penseli juu ya sehemu unayofanya, ikifutika yote sawasawa simama. Namba ya kwanza ukienda urefu wa boti, inayofuata nenda upana, ndivyo utajua kama mikwaruzo ya namba iliyopita imekwisha. Badilisha maji ya ndoo kila ukibadilisha namba, chembe moja ya 800 ikibaki kwenye maji ya 2000 itakuchorea mistari mpaka utalia. Na kwenye kingo, pale sehemu ya juu inapokutana na ya chini, pita kama wapangusa uso wa mtoto, pale ndipo ngozi ni nyembamba zaidi.

Mambo ya nyuzi za kijivu nitakujibu kando, hapo kuna kitu nataka kujua kwanza. Bonyeza kwa ndani kwa kidole gumba ukiangalia kwa nje, yabonyea ama iko imara? Yalia?


Bi_Kasia

Fundi kasema yote ila moja wacha niseme mimi maana nililipia. Mtoto wa Tudor, ukija kupata stima mtu asikudanganye utumie grainda!! Mimi nlikua na kayaki ya buluu, nikasugua siku mbili kwa mkono mabega yakakataa, kakangu akaleta grainda yake akafunga ile sponji ya kupolishia akasema dada hii ni dakika kumi tu. Kweli ilikuwa dakika kumi. Grainda ile ndogo yazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, mashine ya kupolishia yenyewe yataka kama 1,000 hivi mpaka 2,000, na mimi sikujua. Ikaunguza doa la manjano pale mgongoni, nikamwambia ongeza kompaundi, akaongeza, kwenye ukingo ikatoboa rangi yote mpaka naona kitambaa. Moshi wa harufu ile sitausahau. Mpaka leo nimepabandika stika, watu wadhani ni urembo.

Kwa mkono yawezekana, nimerudia nyingine baadaye. Gawanya kama mapande ya chapati, leo kipande hiki kesho kile, usianze yote kwa pamoja utakata tamaa. Asubuhi kabla ya saa tatu ama baada ya alasiri, tena kivulini, jua kali kompaundi yakauka kabla hujaifuta. Mimi kipande cha nusu mita kilinichukua kama saa moja na nusu kwa namba zote.

Na vaa barakoa na miwani na mikono mirefu, hata ikiwa wapiga kwa maji. Ukifika kwenye nyuzi ndio zaidi, zile zikikuingia utajikuna usiku kucha, oga maji BARIDI, si ya moto.


Mtoto_wa_Tudor

Fundi Mungu akuweke, na dada Bi Kasia pole sana kwa buluu yako (nimecheka kidogo nisamehe).

Nimeenda jioni hii hii na jerikeni la maji. IMERUDI!! Nilipomwagia tu ikawa nyekundu kama pilipili, rafiki yangu akaita watoto waje waone. Ikakauka ikawa ufizi tena lakini moyo umetulia. Kwa ndani haibonyei kabisa, ngumu, hailii, ila ule mkwaruzo wa puani ni kama sentimita 12 urefu na nyuzi zaonekana wazi. Ile mingine miwili ni jelkoti tu, haijafika kwa nyuzi.

Tena kuna madoa ya kahawia chini ya pale palipokuwa na skrubu, ni nini?


fundi_faiba

Madoa ni kutu ya skrubu. Kata ndimu, pakaza na chumvi kidogo, wacha robo saa, suuza. Ikikataa rudia. Usilete dawa za choo hapo tafadhali.

Mikwaruzo sasa. Ile ya juu juu ya tumboni iache kwanza, nitarudi. Ile miwili inayoshika ukucha pamoja na ya puani yatiwa jelkoti mpya. Usinunue filla ya magari, ile ina unga unaonyonya maji, kwenye gari ni sawa, chini ya maji itavimba.

Ya puani: suuza na maji baridi mara kadhaa chumvi itoke kwenye nyuzi, kisha iwache kivulini siku nne tano ikauke kabisa. Ukiziba maji ndani umejifungia ugonjwa. Halafu panua mkwaruzo uwe kama bonde la herufi V kwa ncha ya kifungulio cha kopo ama patasi ndogo, mikwaruzo yenye kuta zilizosimama haishiki. Piga msasa wa 80 pembeni kidogo ili pawe na meno. Kwa vile kwa ndani ni imara huhitaji kubandika kitambaa. Ingekuwa yabonyea ningekwambia weka mkeka wa faiba mara mbili kwa ndani kwanza. Usijaze bonde lote kwa jelkoti, ikizidi milimita moja yapasuka, ile ya chini jaza na rezini ya poliesta iliyokorogwa na nyuzi zilizokatwa katwa, juu ndio jelkoti. Na usichanganye mambo, ukitumia epoksi chini jelkoti ya poliesta haitashikana nayo vizuri. Epoksi juu ya poliesta sawa, kinyume chake hapana.

Hadena, ile dawa ya kuigandisha jelkoti: kwa gramu 100 za jelkoti tia gramu 1.5. Mwisho kabisa 2. Usishuke chini ya 1 maana haitakauka milele, itabaki kama halua. Kwa joto letu 1.5 yatosha sana. Nunua sirinji ndogo ya ml 1 kwa duka la dawa upime nayo. Koroga kidogo kidogo ya kutumia ndani ya dakika 10, na korogea pembeni na chini ya kikombe pia.

Kitu ambacho wengi hawajui, jelkoti haikauki juu ikiwa yaona hewa, itabaki yanata hata wiki. Kwa hivo ukishaijaza, ipandishe kidogo kuliko usawa wa boti, alafu funika na nailoni laini, ile ya kufunikia vitabu vya shule yafaa, maana mifuko tangu 2017 ni marufuku usije ukashikwa kwa ajili ya mkwaruzo. Bandika pembeni, lainisha kwa kidole hewa itoke, rudi kesho.

Na sikiza hapa. HADENA NA MACHO HAPANA. Tone moja laweza kukupofusha. Miwani, glavu, na dumu la maji safi kando yako kabla ya kufungua chupa. Ikikurukia osha papo hapo dakika 15 bila kusimama na uende hospitali, usingoje kuona itakuwaje. Wala usiichanganye na asetoni kwenye chombo kimoja, ni hatari ya kulipuka.


Chumvi_Kavu

Kwa hivo asetoni, ndimu, champali, nailoni ya vitabu, sirinji, misasa minne, na bado hajafika kwa waksi 😂😂 Mimi bado nasema rangi. Hebu fundi kuwa mkweli, hata wewe wapaka boti rangi, nimekuona.


fundi_faiba

Napaka, ndio. Sijasema rangi ni haramu. Boti ambayo jelkoti imekwisha kabisa, kitambaa chaonekana, hiyo haina dawa ya kompaundi. Napiga msasa wa 220 mpaka 320, napaka praima, kisha rangi ya poliyurethani ile ya makopo mawili, kwa rola na brashi. Kuipiga kwa spreyi kwahitaji barakoa ya kuletewa hewa kwa mpira, ule moshi si wa kuchezea, yule fundi wa matatu alivyofunga leso puani usimuige. Rangi hiyo yakaa miaka kama ulitayarisha vizuri. Lakini ikikwaruzwa na chaza yatoka ganda na chini yake kuna rangi nyingine, waonekana mkwaruzo kilomita moja. Jelkoti ikikwaruzwa chini yake ni jelkoti ile ile, wasugua yaisha. Mtu mwenye ngozi hai kuifunika na rangi ni kama kumvisha mtoto wigi.


Nahodha_Mstaafu

Nawasoma tu wanangu nacheka. Sisi zamani kila jahazi likipwelewa lasuguliwa, lapigwa kalfati kwa pamba na mafuta, alafu chini lapakwa deheni, chokaa na shahamu, tena kwa mkono, na juu mbao zapakwa sifa ya papa mpaka ukirudi nyumbani mama mwenye nyumba akwambia lala barazani. Misasa ilikuwa majani ya mti wenyewe wa msasa, ndiko jina lilikotoka, na wengine walitumia ngozi ya taa. Faiba ilipoingia watu wakasema hii haitaki kazi, sasa naona mwauliza namba ngapi, namba ngapi.

Kijana wa Tudor, nina neno kwa tumbo. Hiyo mikwaruzo midogo midogo ya chini usijisumbue kuifanya kioo. Kayaki si samaki wa mapambo. Samaki hawakuoni. Wewe waegesha kwenye mikoko, kuna chaza kwenye kila mzizi, kioo chako kitadumu mpaka mara ya kwanza utakapokanyaga mchanga. Ziba ile ya ndani maji yasiingie, piga msasa wa 600 iwe laini ya kushika mkono, basi. Nguvu weka juu, ndiko jua liliko na ndiko macho ya watu yaliko.

Na hayo maji ya msasa usiyamwage creek. Tudor imekula takataka za kutosha.


fundi_faiba

Shikamoo nahodha. Hilo la tumbo ndilo nililotaka kurudi kusema, umenimalizia. Kasi haitapungua kwa kitu mtu atakachohisi.


Nahodha_Mstaafu

Marahaba.


Mtoto_wa_Tudor

Jamani nimerudi, wiki tatu zimepita. Niwape habari kwa mpango ingawa mambo yenyewe hayakwenda kwa mpango.

Juu kwanza. Kompaundi peke yake haikutosha, ilirudi nusu, kama shati lililofuliwa. Nikaingia na 1000 kwa kile kipande cha champali, ndoo ya kwanza maji yakawa mekundu kama nimechinja, mpita njia akasimama kuuliza. Nilifuata Bi Kasia, kipande kwa kipande, jioni mbili mbili, na kwenye 1500 nilikata tamaa kabisa maana boti yote ilikuwa ya ukungu, haing'ai popote, nikasema nimeiharibu. Hakuna aliyeniambia kwamba itakuwa mbaya kabla haijawa nzuri!! Kumbe ni kompaundi ndiyo yaitoa ule ukungu. Nilipofuta kile kipande cha kwanza baada ya 2000 na kompaundi nikaona kivuli cha mwembe ndani yake na majani nayahesabu. Nilikaa chini kwenye jiwe nikaiangalia tu.

Kwenye ukingo wa kushoto nimepita nguvu kidogo, naona rangi imekuwa nyepesi urefu wa kidole, nikasimama hapo hapo. Stika ya Bi Kasia yauzwa wapi?

Sasa puani. Fundi uliandika 1.5 kwa 100, mimi nikakoroga gramu 50, nikapiga hesabu nikapata 0.7 ya sirinji, lakini nilikuwa na sirinji kubwa ya ml 10 kwa sababu ndogo zilikuwa zimekwisha dukani, nikavuta mpaka 7. Saba nzima. Niligundua wakati kikombe kilianza kupata joto mkononi, kisha kikajikunja kama kimekaribia jiko, nikakitupa mchangani kikafuka moshi. Alhamdulillahi nlikuwa na miwani. Rafiki yangu hajanisamehe, asema hesabu za darasa la nne zimenishinda nikiwa na ndevu.

Mara ya pili nikafanya sawa, nailoni ya vitabu, kesho yake imekuwa jiwe. Nimeipiga msasa 220, 320, 600, ukipitisha mkono na macho umefunga hujui mkwaruzo ulikuwa wapi. Ila ukiyafungua wajua! Jelkoti niliyonunua ni nyeupe ya tui na kayaki ni nyeupe ya samli. Puani pana kidoa cheupeee. Nifanyeje, niichimbe nianze upya?


Bi_Kasia

Mashallah!! Leta picha ya huo mwembe. Stika nakuletea mwenyewe.


fundi_faiba

Usiichimbe. Hongera sana kwanza, na hiyo ya ml 7 nitawasimulia vijana wangu kesho, bila jina.

Kuoanisha nyeupe ni kugumu kuliko nyekundu, watu hawaamini. Ungetaka kuoanisha ungetia rangi ya manjano na kahawia kiasi cha kichwa cha kiberiti, ukajaribu tone kando, ukangoja likauke ndio ulinganishe, maana mbichi na kavu si rangi moja. Na ulinganishe na sehemu ambayo tayari umeisugua, si ile iliyopauka. Lakini kwa kidoa cha sentimita 12 tena chini ya pua, mimi ningekiacha. Jua litaisogeza yenyewe kuelekea samli, mwaka mmoja miwili.

Waksi umeshapaka? Ile ya karnauba, yatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi huko Brazili, paka tabaka mbili nyembamba, ya kwanza iwache iwe ukungu uifute, kisha ya pili. Rudia kila miezi mitatu kama yakaa nje, na usikubali ikae nje. Igeuze kifudifudi chini ya makuti, hewa ipite. Usiifunge na turubali la plastiki likaigusa, jasho litakaa katikati na ngozi itafanya malengelenge.


Chumvi_Kavu

Nimeona picha aliyonitumia pembeni. Sawa. Sisemi kitu. Nna mtumbwi wangu wa faiba uko hapa Mkomani umepauka, huo unga wake ni wa kijani, fundi nikimwagia maji kwanza si ndio?


fundi_faiba

😂😂😂 Mwagia maji kwanza.


Mtoto_wa_Tudor

Waksi tabaka mbili zishaingia, makuti rafiki yangu ameniruhusu nijenge kibanda kidogo pembeni ya ukuta. Kidoa nimekiacha. Watoto wa pale kiwanjani wamekiita jino la maziwa na sasa kayaki yenyewe yaitwa Kibogoyo, hata mimi nshazoea.

Jumapili maji ni mafu na yajaa asubuhi, naiteremsha. Bi Kasia, lete stika na kasia lako.